Kujeruhi, Chiungutwa: Hakuna

Boma, Newala
12 Januari 1954

Kwa mdogo wangu mpenzi, Mama Regina,

Salamu nyingi kwako na kwa mama yetu. Sisi huku hatujambo, ila ukungu wa mwezi huu umempa mke wangu Magdalena kikohozi kisichosikia asali wala ndimu. Isaka amepanda darasa na amekwisha kuvunja kalamu mbili. Korosho zetu hazikuwa mbaya, ingawa nyani nao walivuna. Mwambie mama dawa yake ya miguu nitampa Alfani, dereva wa lori la posta, aje nayo safari ijayo.

Nakuandikia kwa furaha. Bwana Shauri wetu mpya, aliyefika Septemba kushika wilaya, ni mtu wa hesabu. Amenichagua mimi, katika makarani wote, nimtengenezee jedwali la makosa ya mwaka uliopita: Newala, Masasi, ng'ambo ya Ruvuma kwa Wareno, na kwao Uingereza, yote katika karatasi moja, ili Serikali ione nani ni watu wema na nani si watu wema. Nimekesha juu ya kazi hii wiki tatu. Newala: makosa mia nne na kumi na mawili. Masasi: themanini na saba. Wareno wametuletea yao kwa barua ya heshima: tisa. Uingereza ni maelfu kwa maelfu, lakini Bwana Shauri ameyagawa kwa vichwa vya watu wao, yakapungua vizuri.

Alipoona jedwali limekamilika alipiga mluzi. Anasema sasa imedhihirika kwamba watu wa huku uwandani juu ni wakorofi kwa asili, na wenu wa Masasi wamelainishwa na misheni. Jedwali litapelekwa jimboni, na jina langu limetajwa ndani yake. Nafasi ya karani mkuu kule iko wazi tangu Oktoba. Sisemi zaidi.

Utafurahi kusikia kwamba chini ya Kujeruhi, kwenye mstari wa Chiungutwa, nimeandika Hakuna. Nililipiga neno lile kwa raha, maana ndiko alikoolewa mtoto wetu. Wakati nilipomchagulia Regina yule seremala, wewe ulinuna. Haya, jedwali limejibu.

Ukimwona Regina msalimie. Usimsumbue kwa maswali, vijana wa siku hizi hawapendi.

Kaka yako,
Cuthbert

Nakala: jaladani.


Lulindi
2 Februari 1954

Baba Isaka,

Shikamoo kaka. Mimi sijambo, mama hajambo, dawa imefika na anajipaka asubuhi na jioni, na jioni anasema haifai kitu. Kuku wanakufa. Darasani nina wasichana thelathini na wanane na vitabu kumi na moja. Pole kwa kikohozi cha Mama Isaka, mwambie aache kulala karibu na dirisha.

Barua yako imefika, imepigwa mashine, na chini umeandika kwamba nakala umeiweka jaladani. Mama aliniuliza maana yake. Nikamwambia mwanao amenifungia kabatini pamoja na kodi za Serikali. Tangu lini mtu akaweka nakala ya salamu za nduguye, kaka? Unaogopa nitakushtaki kwamba hukunisalimu?

Jedwali nalo nimemsomea. Alicheka mpaka akashika mbavu, nami niliogopa kidogo, kwa umri wake.

Hebu nikuulize, wewe mtu wa hesabu. Katika hayo makosa mia nne na kumi na mawili, mangapi ni ya watu waliokosa kulima muhogo kama amri ilivyosema? Mahmudu wa Mnyambe, yule aliyetuuzia mbuzi, alilala gerezani siku kumi na nne kwa sababu shamba lake la muhogo lilipungua hatua sita. Umemwandika? Bila shaka umemwandika. Sasa nitajie Mwingereza mmoja aliyefungwa kwao kwa kutolima muhogo. Na wale wanawake wa kwenu wanaopigana ndoo kisimani kule bondeni, kwa kuwa maji yenyewe ni ya kupanda nayo mlima nusu siku, kila ndoo umeihesabu kosa. Waingereza wana mabomba ndani ya nyumba, watapigania nini? Ukimlinganisha mtu na mwingine, kaka, walinganishe kwanza mambo wanayokatazwa.

Wareno nao tisa! Juzi wamevuka mto mtu na mkewe, viganja vyao vimevimba mpaka havifumbiki, kwa kupigwa na ule ubao wao wenye matundu. Niliwafunga vitambaa mimi mwenyewe, kwa mikono hii. Wako ndani ya ile tisa? Au Mreno anayepiga ndiye huyo huyo anayeandika, na akimaliza kupiga wino umemwishia? Mimi ningekuwa Bwana Shauri ningekuwa na shaka na nchi nzima yenye makosa tisa. Hata darasa langu linayazidi kabla ya saa nne.

Na sisi wa Masasi, tuliolainishwa. Wewe unakaa mahali ambapo baraza liko chini ya dirisha la boma, mtu akipiga chafya anaandikwa. Huku baraza liko mbali, njia ni matope, na kesi zinakwisha kwa jumbe, kwa wazee wa kanisa, au kwa mjomba wa mtu. Hazikwenda mbinguni, kaka. Zimekwisha kwa namna ya kukwisha kwake.

Sasa lililo moyoni. Regina alikuja Krismasi. Alijifunga kitambaa kuanzia kidevuni mpaka kwenye nyusi, na kanisani hakukivua. Nilimuuliza, akasema jino. Nilimgusa bega kumkumbatia, akaruka. Na mama alipotaja jina lako, Regina aliinuka akaenda kuchota maji, na mtungi ulikuwa umejaa. Sijui ni nini. Wewe ndiwe mjomba wake, wewe ndiwe uliyempokea yule bwana. Nenda Chiungutwa ukaone kwa macho yako.

Mdogo wako,
Mabel


Boma, Newala
20 Februari 1954

Mama Regina,

Marahaba. Kikohozi kimepungua. Isaka amepata alama nzuri za hesabu, amenifuata mimi. Mvua imekata barabara mara mbili, ndiyo sababu ya kuchelewa.

Barua yako nimeisoma, na ningependa siku nyingine unapotaka kunifundisha kazi yangu ya miaka kumi na tisa unikumbushe nikae chini kwanza. Hesabu, ndugu yangu, haina dada wala kaka. Kilichoandikwa kimeandikwa. Kisichoandikwa Serikali haiwezi kukijua, na kisichojulikana hakiingii katika jedwali. Hata watoto wako thelathini na wanane wangelielewa hilo, kwa vitabu vyao kumi na moja.

Kuhusu Regina. Mambo ya mke na mume yana wenyewe. Stefano ni fundi mwenye sifa, madawati ya shule tatu ni yake, na kila Jumapili yuko kanisani. Wazee wa kanisa walikwisha kukaa nao mara mbili, wakasali, wakala pamoja. Mimi nami nimekwisha kumwandikia kwa njia yangu. Kwa sasa siwezi kusafiri, jedwali limerudi na maswali na Bwana Shauri haniachi nipumue.

Nakuomba usilipeleke jambo hili mahali pa karatasi. Unajua iko barua yangu jimboni ya kuomba ile nafasi. Kesi ya kujeruhi, nyumba ya Kikristo, Chiungutwa, mpwa wa karani aliyeandika Hakuna. Fikiri.

Kaka yako,
Cuthbert

Nakala: jaladani.


Lulindi
15 Machi 1954

Baba Isaka,

Shikamoo. Mama hajambo. Kuku wamebaki wanne.

Nimefikiri, kama ulivyoniagiza. Kisha nikapanda baiskeli ya Isabela, mwalimu mwenzangu, nikaenda Chiungutwa mimi mwanamke, kwa kuwa mwanamume wa ukoo anapiga taipu.

Nilimkuta anatwanga kwa mkono mmoja. Nilimvua nguo mgongoni nikaona. Yule fundi mwenye sifa anampiga kwa fimbo yake ya kupimia mbao. Alama zimekaa sawasawa, ungependa kuziona, wewe mpenda mistari. Nilihesabu kumi na saba nikaacha. Usoni hakuna kitu sasa. Wakati wa Krismasi usoni palikuwapo, lakini tangu hapo, anasema Regina, hampigi tena usoni. Nilimuuliza kwa nini ameacha. Akashika tena mchi.

Nikamchukua barazani siku ile ile. Karani wa pale ni kijana mpole, aliniletea kiti. Nikamwambia andika. Akachovya kalamu, akaniuliza: "Mjomba wake yuko wapi?" Nikamwambia yuko Newala, mimi ndiye mama. Akasema: "Mama, utu uzima wako nauheshimu, lakini mwenye mtoto ni mjomba. Bila yeye hili ni la nyumbani, siwezi kulifungulia kitabu." Akaifuta kalamu kwa kitambaa, akairudisha mahali pake. Kwa hiyo mstari wako wa Chiungutwa bado msafi, kaka. Nimeshuhudia unavyosafishwa.

Hata hivyo Regina amerudi kwa mumewe. Anasema hana mahali pengine. Nilimwambia nyumba ya mama yake ni nini, akasema Stefano atakuja kumchukua, na akija na neno la mjomba mkononi mimi sitaweza kumzuia. Sikujua anasema neno gani.

Sikuulizi tena habari za Wareno. Nakuuliza moja tu: utakuja, usimame pale barazani useme huyu ni mtoto wangu, kitabu kifunguliwe? Ni safari ya lori ya siku moja. Nijibu kabla ya Pasaka.

Mabel


Lulindi
26 Aprili 1954

Baba Isaka,

Shikamoo. Pasaka imepita. Kikohozi, barabara, jedwali, sijui safari hii ilikuwa nini.

Nina habari njema kwa kazi yako. Chiungutwa wamepata kosa la kujeruhi. Moja. Ni la Regina.

Jumanne iliyopita Stefano aliinua ile fimbo, na Regina alikuwa amekaa karibu na kiti ambacho hakijamalizika, mguu mmoja wa kiti umelala chini. Akauokota akampiga nao mkono. Mfupa umevunjika mahali pawili. Stefano alifika barazani akilia, na kitabu kilifunguliwa kabla hajakaa. Mkono wa Stefano haukuulizwa mjomba wake ni nani.

Kesi ilikwisha asubuhi moja. Regina alisema alikuwa akipigwa miaka miwili. Liwali akamwuliza karani kama kitabuni kuna shauri lolote la mwanamke huyu kupigwa. Yule kijana mpole akafunua kurasa, tangu Januari ya mwaka jana, akafunua polepole kweli, nadhani alitamani aone kitu. Akasema: "Hakuna." Liwali akasema kumbe huyu anasingizia. Miezi sita.

Neno lako hilo, kaka. Nililisikia likisomwa kwa sauti, na kwa neno hilo mtoto amefungwa.

Nilimpelekea uji gerezani. Hapo ndipo aliponiambia alichokuwa akikificha. Kabla ya Krismasi alitoka Chiungutwa alfajiri akapanda kwa miguu mpaka Newala, akafika kwako uso umevimba, akakuangukia miguuni. Magdalena alimpa chakula. Wewe ulimpa barua. Ulimfungia bahasha ukamwambia ampelekee mumewe, naye akaibeba njia nzima akidhani ni barua ya kumtetea. Stefano alipoisoma akacheka. Tangu siku ile akaacha kupiga usoni.

Sasa nimeelewa kwa nini Krismasi hakukutumia hata shikamoo, na kwa nini ulinikataza maswali.

Tunakata rufaa kwa Bwana Shauri wa Masasi, tuna siku thelathini. Anataka kitu kilichoandikwa. Stefano anasema barua ile ameichoma. Lakini wewe, kaka yangu, hujapata kuandika hata salamu ukaacha kuweka nakala. Nitumie.

Mabel


Boma, Newala
7 Mei 1954

Mama Regina,

Habari zako zimetuhuzunisha. Magdalena analia. Tunamwombea Regina.

Kuhusu barua unayoitaja, nakumbuka kuandika maneno machache ya kuwapatanisha, kama ilivyo wajibu wa mjomba. Alivyoyaelewa Stefano ni juu yake. Majalada ya ofisi hayafunguliwi kwa mambo ya nyumbani, na karatasi yenyewe ilikuwa ya Serikali, jambo ambalo likijulikana litaleta maswali. Majibu ya jimboni yanatazamiwa mwisho wa mwezi huu. Nikishapata nafasi ile nitakuwa na uwezo wa kumsaidia Regina zaidi kuliko sasa. Hesabu mwenyewe uone kama sisemi kweli.

Miezi sita si mingi. Wiki mbili zimekwisha pita.

Cuthbert

Nakala: jaladani.


Lulindi
11 Mei 1954

Kaka,

Mama amesikia barua yako. Nilitaka kumficha akanikatalia. Hakucheka safari hii. Alisema nikuandikie kwamba alikuzaa mwaka wa njaa ya vita, akala mizizi ya porini ili wewe unyonye, na kwamba mtoto wa binti yake akimaliza miezi sita gerezani usije kwenye maziko yake yeye. Nimeandika kama alivyosema, sikuongeza kitu.

Mimi nina langu moja. Unasema hesabu haina dada wala kaka, na kisichoandikwa Serikali haiwezi kukijua. Hiki kimeandikwa. Kiko kabatini mwako, umekipiga chapa wewe, una hakika nacho kuliko hayo tisa ya Wareno. Kumbe ndicho pekee usichotaka kijulikane. Basi usiniambie tena habari za nchi ipi ina watu wema. Huwezi kuhesabu hata nyumba moja, nyumba yako.

Zimebaki siku kumi na mbili.

Mabel


Newala
16 Mei 1954

Mabel,

Naandika kwa mkono. Barua hii haina nakala.

Uliyoitaka iko ndani. Nimeisoma kabla ya kuifunga, kwa mara ya kwanza tangu nilipoipiga. Nilikuwa nimejiambia kwamba niliandika maneno ya upatanisho, na nikaja kuamini hivyo. Utaona mwenyewe. Nimeandika: "Mkwe wangu Stefano, mkeo namrudisha kwako. Ukimrudi kwa fimbo, mrudi kwa kiasi, wala isiwe usoni, maana watu huona. Kesi barazani si sifa kwa nyumba yetu, wala haitakuwa nzuri kwa hesabu za mwaka." Ni tarehe kumi na saba Desemba. Wiki mbili baadaye ndipo nilipoandika Hakuna, na uso wake nilikuwa nimeuona. Mabel, jicho la kushoto lilikuwa halifunguki. Nililiona nikaandika.

Najua utasema karatasi pekee haitoshi, Bwana Shauri atauliza ni ya nani. Alfani ana nafasi kwenye lori Alhamisi. Nitakuja na nakala nyingine iliyobaki jaladani, yenye sahihi yangu. Nimeomba ruhusa ya siku tatu nikasema ni ya msiba. Sikuona kwamba nimedanganya.

Mwambie mama nakuja.

Cuthbert


Newala
5 Julai 1954

Mama Regina,

Salamu kwako, kwa mama, na kwa Regina kama ataipokea. Sisi hatujambo. Nafasi ya jimboni amepewa Dastani, yule aliyekuwa akiniuliza mimi jinsi ya kuandika tarakimu za Kirumi. Karatasi ya Serikali imeleta maswali kama nilivyotazamia, nami nimehamishiwa stoo ya majembe. Nahesabu majembe. Yapo, na yakipungua nayaona.

Hata hivyo Bwana Shauri amenivuta tena kwa jambo moja. Hesabu za nusu mwaka za Masasi zimefika. Kujeruhi, mstari wa Chiungutwa: kumi na nne. Mwaka mzima uliopita hakuna, na sasa kumi na nne kwa miezi sita. Anatembea chumbani akiuliza watu hawa wamepatwa na nini. Ameanza kusema misheni imelegea, au ni korosho zimewapa pombe nyingi, na ameandika pembeni kwamba huenda Chiungutwa inahitaji kituo cha polisi. Akaniambia, wewe ni mtu wa huko, nieleze kwa maandishi.

Nimekaa mbele ya karatasi siku mbili. Zamani ningejaza kurasa tatu. Nimwandikie nini?

Na jingine, silisemi kwa kulalamika. Siku ile ya rufaa, Bwana Shauri wa Masasi alipokuja kuisikiliza pale Chiungutwa, nilipomaliza kusoma barua yangu mbele ya watu wote, Regina alipita karibu yangu akitoka. Hakuniamkia. Nilielewa. Nimekutajia tu.

Cuthbert


Lulindi
19 Julai 1954

Baba Isaka,

Shikamoo kaka. Mama hajambo, anatembea mpaka jikoni, na anasema dawa yako sasa inafaa, ingawa ni chupa ile ile. Nimenunua kuku wengine. Magdalena tulimwona Jumapili alipokuja na Isaka, mtoto amekuwa mrefu, ila alivunja kalamu yangu.

Pole kwa majembe. Sisemi ulistahili zaidi, nawe usingependa nikudanganye.

Bwana Shauri anataka kujua Chiungutwa kumetokea nini. Kweli hajui? Mtu amesoma mpaka akapewa wilaya nzima! Hebu nimhesabie polepole, kwa vidole. La kwanza ni la Regina, ambaye alifunguliwa akiwa amekaa wiki nne. La pili ni la Stefano, lililoandikwa siku ile ile uliposoma barua yako. Hayo kumi na mawili mengine ni ya wanawake waliokuwa wamesimama nje dirishani wakikusikiliza. Hukuwaona, ulikuwa umeinamia karatasi yako. Mjomba mtu mzima, karani wa boma, anasimama anasema huyu ni mtoto wangu na mimi ndiye niliyemrudisha. Wiki iliyofuata walianza kuja, mmoja mmoja, kila mmoja amemshika mjomba wake mkono, wengine wamewakokota kabisa. Yule kijana mpole wa kalamu ameomba kitabu cha pili.

Basi mwandikie hivi. Mwaka jana wanawake wa Chiungutwa walikuwa wakipigwa. Mwaka huu wanapigwa pungufu kidogo, na karani anaandika. Akitaka pawe pema tena kama ilivyokuwa katika jedwali lake, dawa ni rahisi, amnyang'anye karani wino. Na akitaka pawe pema kuliko pote, amwombe Mreno amfundishe. Ukiogopa kumwandikia maneno haya, weka jina langu. Mimi hana stoo ya kunihamishia.

Nawe usijidhani umekwisha kusamehewa nami kwa kuwa ulipanda lori mara moja. Bado nina hasira, na nitakuwa nayo mpaka korosho zichanue. Lakini nilikuwapo pale barazani. Nilikuona ulipofika kwenye yale maneno, isiwe usoni. Ungeweza kuyaruka, hakuna aliyekuwa akiifuata kwa macho. Hukuyaruka.

Regina yuko hapa nami. Anawafundisha wasichana wadogo kushona. Kwa Stefano harudi, hilo tumelimaliza. Asubuhi hii, nikiandika, alisimama nyuma yangu na mtungi kichwani, akauliza ni barua ya nani. Nikamwambia. Akautua mtungi, akajitwika tena. Kisha akasema: "Mwambie mjomba shikamoo." Akaenda kisimani, na safari hii mtungi ulikuwa mtupu kweli.

Sikumwomba aseme, wala mama hakumwomba. Ni shikamoo moja, kaka. Iandike moja, usiizidishe, uiweke hapo hapo palipokuwa na Hakuna.

Mdogo wako,
Mabel